Programu Iliyojua Kompyuta Moja

Majirani zangu, nyumba hii ilikuwa na raha yake. Asubuhi mama yuko kwenye cherehani dirishani, mwanawe wa kiume kwenye kompyuta yake, na binti wa mwisho, tuliyemwita Kitinda, upande wa pili wa meza hiyo hiyo akichora kurasa za programu ya simu.

Programu yenyewe ilikuwa ya wakunga. Mjamzito akishikwa na uchungu anabonyeza kitufe, simu ya mkunga wa karibu inalia. Mtaa mzima tulijivunia. Hata wazee wa kiume waliiweka kwenye simu zao, wasionekane wamepitwa.

Kaka mtu tulimwita Injinia, na jina lilimkaa vizuri. Lakini kuandika programu ni kama kukata kitambaa, bado hakijawa nguo. Kuna chombo ndani ya kompyuta kinachoshona vipande vyote viwe kitu ambacho simu itakipokea, kisha kinapiga muhuri wa siri ili simu ijue kazi imetoka kwa mwenyewe. Chombo hicho lazima kipangwe: kitumie toleo gani, vipande kivitoe folda ipi, muhuri uko wapi. Injinia alikipanga kwenye kompyuta yake tu. Kwa Kitinda, kazi ile ile ilitoa maandishi mekundu ya makosa.

Kitinda alimwomba amfundishe, tena si mara moja.

"Nikikufundisha wewe, mimi nitabaki na nini?" alijibu kaka yake.

Akaomba basi nakala ya muhuri iwekwe mahali pengine. Injinia alicheka, akamwambia mama kwamba binti yake anawaombea balaa. Mama hakucheka. Na nyinyi mnaosoma, msicheke haraka. Watu wa namna hii tunao majumbani.

Zikaja simu za toleo jipya, na ndani yake programu ikawa bubu. Mjamzito mmoja alibonyeza, akasubiri, kimya. Shangazi yake ndiye aliyetoka mbio kumwita mkunga. Mtoto alizaliwa salama, lakini mkuu wa wakunga alifika pale nyumbani amekunja uso. Alisema wiki ikiisha bila matengenezo, atawaambia wakunga wote waifute, maana heri kukosa kitu kuliko kuamini kitu kisichoita.

Injinia alimwahidi kesho tu. Kosa lenyewe alilipata upesi, lilikuwa dogo. Akiwa anashona toleo jipya, kompyuta ikazimika. Fundi aliifungua, akatikisa kichwa: diski imekufa, hakuna cha kuokoa.

Kazi iliyoandikwa ilikuwepo kwa Kitinda, kwa hiyo Injinia alihamia kwenye kompyuta ya dada yake. Mekundu. Akabadilisha hiki na kile. Mekundu tena. Kitinda alimtazama mikono, akaona haijui inakokwenda.

"Kaka, kule kwako uliipangaje?"

Injinia aliondoa mikono kwenye kompyuta.

"Sijui," alisema. "Nilikuwa nanakili huku, nabandika kule, mpaka inakubali. Ikikubali, siigusi tena."

Mnaona? Alichokuwa akimnyima mwenzake, hata yeye hakuwa nacho.

Kitinda angeweza kumsuta, na angekuwa na haki. Badala yake alivuta kigoda. "Basi sote hatujui. Tuanze na kosa la juu kabisa. Hayo mengine yaache."

Wakaenda moja moja. Walipopata jibu, waliliandika ndani ya folda ya kazi yenyewe, ili kazi ikihama na mipangilio ihame nayo. Mahali fulani chombo kilikuwa kikitafuta folda yenye jina la Injinia, iliyokufa na ile diski. "Kinakutafuta wewe, kaka," Kitinda alimtania, na Injinia akacheka kwa mara ya kwanza tangu balaa lianze.

Ilipokubali, waliihamishia kwenye kompyuta kuukuu ya mama, anayowekea mitindo ya nguo, wakamwambia abonyeze tu. Ikashona bila wekundu wowote. Mama alivua miwani. "Kumbe na mimi ni injinia," alisema, na hakuna aliyembishia.

Lakini muhuri wa zamani ulikuwa umepotea na ile diski, wakapiga mpya, na simu hazipokei kazi yenye muhuri mgeni juu ya ile ya zamani. Ilibidi kila mtu afute, aweke upya. Injinia alipita nyumba kwa nyumba na Kitinda, akieleza kwa mdomo wake. Kwa mkuu wa wakunga alisema wazi: "Muhuri nimeupoteza mimi, mama mkunga. Niliuficha peke yangu. Huu mpya tunao wawili, mimi na huyu."

Mkuu wa wakunga alimpa simu yake mpya aiweke programu. Kisha Kitinda akasimama nje ya mlango, akabonyeza kitufe.

Simu ikalia ukumbini, kwa sauti, na mkuu wa wakunga akaiacha ilie.

Funzo

Ujuzi unaofichwa hauna wa kuukosoa, na mwenye nao huishia kudhani anajua. Kazi inayotegemewa na watu ipangwe namna ambayo mwingine ataweza kuiendeleza. Mfundishe wa nyumbani kwako. Hutabaki mikono mitupu, utabaki na mwenzako.