Weusi Wenye Kina

Ukurasa ulishuka wenyewe. Fundi picha alikuwa amemaliza mstari wa mwisho wa habari, mkono ungali umeshika kikombe, maandishi yakasogea taratibu kwenda juu. Alikitazama kipanya. Hakuna aliyekigusa. Akajisemea kwamba mashine mpya haikosi vituko, akaendelea kusoma.

Monita hiyo aliinunua juma lililotangulia. Ya zamani ilikuwa imechoka, kila uso ukitoka na umanjano wa mgonjwa, na wateja walishaanza kununa. Dukani aliwekewa mbili mbele yake: moja ilimeremeta hata ukaweza kujihesabu meno, nyingine kioo chake kilikuwa butu, kama kimepigwa msasa.

"Hiyo ya kumeremeta ni ya kutazamia mpira, mzee," muuzaji alimwambia. "Wewe mchana unasafisha picha, jioni unasoma. Chukua hii butu. Haichomi macho, rangi zake za kweli, na weusi wake una kina. Penye giza utaona vilivyomo."

"Vya gizani vina faida gani kwangu, bwana?"

"Basi utaviona bure," muuzaji akacheka.

Nyumbani hakuwa na mtu wa kumwonyesha. Mkewe alifariki miaka mitatu nyuma. Zamani, yeye akisoma jioni, mkewe husimama nyuma ya kiti, kidevu begani kwake, wakasoma pamoja, na kwa kuwa mama huyo alisoma upesi kuliko yeye, hakuacha kumhimiza: "Shusha kidogo." Siku hizo ilimkera. Sasa angetoa macho yote mawili kuisikia tena.

Siku ya kwanza ya kazi alivuta mapazia saa sita mchana, kama wafanyavyo mafundi wasidanganywe na jua, akafungua picha ya babu na mjukuu. Nyuma yao, mlangoni penye giza, alisimama mwanamke. Ile monita ya zamani isingemwonyesha kamwe. Fundi hakushtuka, kufuta wapita njia ndiyo kazi yake. Akamfuta, akahifadhi juu ya picha ile ile bila kubakiza ya mwanzo. Hiyo ilikuwa tabia yake mbaya, na mkewe alimkanya mara chungu nzima.

Picha ya pili ilikuwa ya bi harusi. Yule mwanamke alikuwamo tena.

"He! Huyu naye hana kwao?" Akamfuta.

Kufika mwisho wa juma alikuwa amemfuta katika picha zote alizoletewa, na jioni ya siku hiyo ndipo ukurasa uliposhuka.

Kesho yake, adhuhuri, mapazia yamefungwa, alisikia harufu ya vumbi lililonyeshewa na huku nje jua linawaka, kisha kiti cha chumba cha pili, ambacho hakuna aliyekikalia tangu msiba, kikaguna kwa uzito wa mtu anayeinuka, na nyayo peku zikaja sakafuni, moja, kisha nyingine, zikapita kabatini, zikapita mlangoni, zikasimama nyuma yake, naye asiweze kugeuza shingo, akahisi pumzi baridi ikimgusa sikio na kutulia hapo, kama ya mtu anayesoma.

Alimpigia dada yake simu, naye akamleta mganga siku hiyo hiyo. Mganga alizunguka vyumba viwili, akarudi akisema kwa kunong'ona.

"Kila giza lina mwenyewe, baba. Alikuwa amekaa kwake, hamdhuru mtu. Wewe umemfukuza kote. Ulitaka aende wapi?"

"Nifanye nini?"

"Mrudishe. Fungua picha ambayo hukumfuta, yenye giza la kumtosha. Iache wazi mpaka jua lizame, ninyi mkae nje. Ataingia."

Fundi alitafuta. Zote alikuwa amezihifadhi juu ya zile za mwanzo, na kote humo hamkuwa na giza lisilopitiwa na mkono wake. Ilibaki moja, ambayo hakuwahi kuthubutu kuigusa. Mkewe amesimama mlango wa jikoni, anacheka, nyuma yake giza tupu. Picha nyingine ya marehemu hakuwa nayo.

"Atakaa naye humo?"

"Daima. Na kufuta hakutasaidia tena."

"Kaka, ni picha tu," dada alisema, machozi yanamlenga. "Wewe ndiye uliye hai."

Fundi alimtazama mkewe anayecheka. Kisha akaifunga picha.

"Simwachii mke wangu. Zimwi likujualo halikuli likakwisha."

"Litabakisha nini, kaka?"

Fundi aliwasindikiza hadi mlangoni, akamshukuru mganga, akarudi ndani. Jua lilikuwa linazama. Alifungua habari za siku ile, akasoma polepole mpaka mstari wa mwisho, akaweka mikono mapajani. Ukurasa haukusogea. Harufu ya vumbi lililonyeshewa ikajaa chumbani, na kidevu baridi kikatua begani kwake.

"Shusha kidogo," sauti ilisema, na sauti ilikuwa ile ile.

Alijua fika si mkewe. Akashusha.