Namba Aliyoifungia Apolinaria

Apolinaria aliingia duka la simu karibu na soko kuu la Tabora, amependeza kwa gauni la kitenge cha rangi ya chungwa, mkononi simu yenye kioo kilichopasuka. Nyuma ya kaunta alisimama Damas. Damas yuleyule ambaye miaka miwili iliyopita alimwacha nyumbani kwao Cheyo na masufuria ya pilau na shangazi kumi na mmoja, wakisubiri mshenga ambaye hakufika. Angeweza kugeuka aondoke. Lakini siku hii alikuwa akiiombea kila Jumapili, na hayakuwa maombi mazuri.

"Karibu, Apolinaria," Damas alisema kwa sauti ndogo.

"Niite mteja. Nataka toleo jipya la hiihii. Kampuni sibadilishi. Mimi nikishika kitu nimeshika, si kama watu fulani."

Wateja wawili waligeuka. Vizuri, wasikie.

"Nikuhamishie na vitu vya zamani?"

"Vyote. Hasa picha za mchumba wangu. Yeye njia ya Cheyo anaijua."

Mchumba huyo hakuwepo duniani, lakini uso wa Damas ulivyosawijika, Apolinaria aliona raha moyoni.

Damas alizilaza simu mbili kando kando. "Kwa kuwa ni kampuni moja, kila kitu kitahama. Hata namba ulizozifungia na meseji zake."

"Namba zipi?"

Kioo kipya kiliwaka. Namba ilikuwa moja tu, ya Damas. Meseji thelathini na moja.

Ndipo alipokumbuka. Wiki ile ya posa waligombana juu ya rangi ya sare, akamfungia siku mbili amtie adabu, kama kawaida yake. Kisha akatingwa na mapishi, akasahau kumfungulia. Alifungua ya kwanza: "Mpenzi, mama amefariki alfajiri. Mshenga hatakuja leo. Niombee radhi kwa wazazi."

"Mbona hukuja mwenyewe?"

"Nilikuja, baada ya matanga. Kabla sijataja msiba, baba yako akaniambia umeapa hutaki hata kusikia jina langu, akafunga mlango."

Kweli aliapa, tena kwa kelele. Mchimba kisima huingia mwenyewe.

"Pole kwa mama," alisema, machozi yakimtiririka mbele ya wateja. "Na mchumba sina. Nilitaka uumie."

"Nimeumia."

"Afadhali."

Damas alinyoosha kidole aifungulie namba yake. Apolinaria akampiga mkono.

"Iache! Mshenga aje Jumapili, na safari hii wewe mwenyewe uje naye. Shangazi zangu kumi na mmoja wana maneno na wewe. Wakishamaliza, nitaifungulia."