Kumchagulia Marehemu Mtandao

Mchana ule namba ya Muganyizi iliita, na haikupaswa kuita, maana Muganyizi na simu yake walikuwa chini ya ziwa.

Mama yake, Jovitha, alikuwa amekaa kizingitini mwa nyumba yao ya Pasiansi, mlimani juu ya ziwa, miguu ameinyosha juani, simu yake ndogo ya kitochi sikioni. Kila ifikapo saa sita alimpigia mwanawe, kwa kuwa saa hiyo ndiyo Muganyizi alikuwa akishuka mnarani kula, na hakuwahi kuweka tonge mdomoni kabla ya kumsalimu mama yake. Kwa miaka miwili sasa aliyempokea mama huyo alikuwa yule dada wa mtandao, anayesema kwa adabu kwamba namba unayopiga haipatikani kwa sasa. Jovitha alimpenda dada yule. Alimsikiliza mpaka mwisho, akaaga, akakata.

"Koku," aliita siku hiyo, kwa sauti ya chini. "Njoo usikie. Inaita."

Kokulinda, mke wa Muganyizi, aliweka ungo wa mchele chini akasogeza sikio. Kweli iliita. Iliita taratibu, kwa mwito mzito, kama kengele inayogongwa ndani ya pipa la maji. Ikaita mpaka ikakatika yenyewe.

"Labda mtandao umechanganya, mama."

"Labda," alisema Jovitha, naye uso wake ulikuwa umenawiri kuliko siku zote.

Muganyizi alikuwa fundi wa minara wa kampuni ya Ziwatel. Alikufa akienda kisiwani kutengeneza mnara uliopigwa na radi. Boti ilipinduka, wenzake wakaopolewa, yeye hakuonekana. Ukoo kule Muleba ulisema kile ambacho ukoo wao husema kila mtu anapopotea na mwili usipatikane: likatwe shina la mgomba kibanjani, shambani kwao, livishwe lubugo, lile gome la mti wanalovishwa wafu wao tangu enzi za mababu, lizikwe, watu walie, yaishe. Jovitha alikataa katakata. Mtu ambaye namba yake bado ipo hazikwi, alisema, na Jovitus, ndugu wa Muganyizi, aliyetumwa kumshawishi alirudi Muleba kama alivyokuja.

Kokulinda hakubishana. Tuseme ukweli, mwanamke huyu alikuwa amechoka kabla hata ya ujane. Alikuwa na kibanda cha kusajili laini pale barabarani, alikuwa na maji ya kupandisha mlimani kati ya mawe, alikuwa na miguu ya mama mkwe ya kuchua kila jioni. Mtu wa namna hiyo husema "sawa, mama" kwa sababu ndiyo sentensi fupi kuliko zote. Mwezi hadi mwezi akaitilia vocha ile namba isije ikachukuliwa, na hivyo ndivyo wanawake wawili walivyoishi na mtu ambaye hakuzikwa.

Kisha Ziwatel wakaleta mtambo mpya. Mnara wa zamani ukashushwa, mwingine mrefu ukasimamishwa juu ya majabali ya Pasiansi, na tangazo likatoka kwamba laini zote za zamani zibadilishwe, asiyebadilisha ataipoteza namba yake. Wilaya nzima ya Ilemela ikahamia kibandani kwa Kokulinda. Huyu anataka laini mpya ya Ziwatel, yule anasema bora ahamie mtandao wa Nuru na namba yake ileile, mwingine amesikia Nuru inashika kitandani lakini ukifika mlangoni inazima, na kwa jirani yake nyuma ya jiwe ni kinyume chake. "Mtandao ni kama mume," Kokulinda aliwaambia. "Usimchukue kwa sababu jirani kamsifia. Mjaribu kwako." Walicheka. Yeye alikuwa ameisema mara nyingi mno hata haimchekeshi tena.

Watu walipoisha, ikabaki laini moja. Aiache ife? Aihamishie Nuru? Aibadilishe kama za wengine? Alicheka peke yake: ameishi mpaka amekuwa mke wa kumchagulia marehemu mtandao. Akaona bora abaki palepale alipozoea. Lakini mashine ilitaka kidole cha mwenye laini, na mwenye laini hakuwa na kidole cha kuleta. Basi Kokulinda akaihamishia namba ile kwenye jina lake mwenyewe, akabonyeza dole gumba lake la kulia kwenye kioo, mashine ikalipokea bila swali. Mama mkwe hakumwambia. Alijua angeambiwa ameanza kumrithi mtu aliye hai. Kadi mpya aliifunga kwenye kikaratasi, akaitumbukiza kwenye kopo la majani ya chai juu ya kabati. Hakuiweka kwenye simu yoyote.

Kadi hiyo ndiyo iliyokuwa inaita.

Alimuuliza Pius, fundi wa Ziwatel aliyerithi kazi za Muganyizi. Pius alitazama kwenye kompyuta yake, akatazama tena.

"Dada, hii namba haijawashwa popote. Haiwezi kuita."

"Inaita, Pius. Nimeisikia kwa sikio langu."

Pius alifunga kompyuta. "Basi msiipige," alisema, na hakutaka kukaa zaidi.

Lakini nani angemzuia Jovitha? Kesho yake saa sita alipiga, na safari hii simu ilipokelewa. Kokulinda alikuwa jikoni. Alisikia mama mkwe akisema, "Muganyizi? Baba?" Alipotoka akakuta ajuza anatabasamu, machozi yanamshuka, na ndani ya kile kitochi mnasikika upepo unaopiga kwenye vyuma virefu, chini ya upepo maji yanalamba, na chini ya maji, kwa mbali, mtu anahema.

"Anasema ana baridi," Jovitha alinong'ona.

Tangu siku hiyo nyumba ilianza kunuka. Ilikuwa harufu ya tope la ufukweni na chuma kilicholowa, haitoki kwa sabuni wala ubani wa kanisani. Jovitha akawa anapakua sahani tatu. Akiambiwa ale, anasema anamsubiri mwenzake atulie. Asubuhi moja Kokulinda alimkuta amelala na miguu ina tope mbichi mpaka magotini, na alipomuuliza alijibiwa kwamba alikwenda kuangalia tu kama njia inapitika.

"Njia ya wapi, mama?"

"Ya kumfuata. Amesema yeye hawezi kupanda, mawe yanamtelezesha."

Kokulinda alishusha kopo la chai. Majani yalikuwa makavu. Kikaratasi kilikuwa kimelowa chepechepe, na kadi ilipomgusa vidole ilikuwa ya baridi ya kuuma. Aliogopa, tena aliogopa sana, ila kilichomtoka mdomoni kilikuwa ni "Mungu wangu, hata hili nalo," kwa sauti ya mtu aliyeongezewa ndoo ya pili kichwani. Akairudisha kadi. Akaenda kazini.

Kama siku iliyofuata angebaki kazini mpaka jioni, hakuna ambaye angemlaumu. Lakini alirudi mapema, saa sita kasoro, akakuta kizingiti kitupu na ndara za Jovitha zimeachwa zikielekea ziwani, akaanza kutembea, kisha kukimbia, akishuka kati ya majabali yaliyochomwa na jua mpaka yanafukuta, hewa imesimama, hakuna ndege, hakuna mtoto, hakuna hata mbwa, na sauti ya ajuza inatangulia mbele yake nyuma ya kila jiwe ikisema nakuja baba, nakuja, usikate, naye akizunguka jiwe hamwoni, akizunguka jingine hamwoni, mpaka mawe yakaisha na ziwa likatokea jeupe kwa mwanga, na katikati ya mwanga ule Jovitha yumo majini hadi kifuani, kitochi sikioni, mkono wa pili ameunyosha mbele kama anayeshikwa na mtu, na maji yaliyomzunguka yalikuwa yametulia tuli ilhali pembeni yote mawimbi yanacheza.

Kokulinda alimfuata na nguo zake. Alimshika kiuno, akavuta, na kitu upande wa pili nacho kikavuta. Hakukiona. Alichosikia ni kitochi, kikisema kwa sauti ya mume wake, ileile ya kukwaruza aliyoisahau na akaikumbuka palepale: "Mwache. Na wewe si umechoka?"

Alivuta kwa hasira. Walianguka wote wawili mchangani.

Jioni hiyohiyo alipiga simu Mkolani kwa mganga aliyeelekezwa, mwanamke wa makamo aitwaye Modesta, auzaye mkaa mbele ya nyumba na kuagua nyuma yake. Modesta alikuwa mkali. Alikuja kesho yake, akavua viatu, akanusa hewa ya chumbani, akawakalisha.

"Shikamoo, mama," alimsalimu Jovitha, kisha akamgeuzia maneno bila kumbembeleza. "Huyo si mwanao. Mwanao alikufa akaenda zake. Nyie mmeacha nafasi yake wazi, na kila jua linapofika utosini, saa ambayo majini hutoka kuota jua juu ya mawe, mnaita jina kuelekea ziwani. Mlitegemea apokee nani?"

"Sauti ni yake," alisema Jovitha.

"Kaiokota. Vitu vilivyoachwa huokotwa." Akawageukia wote. "Ukoo wenu una desturi, mkaidharau. Lileteni hilo shina la mgomba lizikwe kwa desturi yenu, na laini izikwe nalo kifuani. Mimi nitafunga mlango. Ila nifunge kwa jina la nani? Nikisema 'mwenye laini hii amekufa, amezikwa, hayupo', jini litaachia kila kilicho chake. Mwenye laini ni nani?"

Jovitha alimtazama mkwewe kwa macho mekundu, ajuza aliyebaki mifupa na tumaini. Kokulinda aliliona dole lake gumba juu ya paja. Akalifunga ndani ya kiganja.

"Muganyizi," alisema.

"Hakika? Mficha maradhi kifo humuumbua."

"Muganyizi, mama. Ni yake."

Alikuwa amechoka. Alitaka tu yaishe.

Shemeji Jovitus alisafiri kutoka Muleba na shina la mgomba lililokatwa kibanjani kwa marehemu. Wakalivisha lubugo. Wakalichana kidogo mahali pa kifua, Kokulinda akaingiza kadi kwa mkono wake mwenyewe. Walizika asubuhi, nyuma ya nyumba, kwenye kipande cha udongo kilichobaki kati ya majabali mawili. Jovitus alitaja ukoo, akamwambia ndugu yake asafiri salama. Modesta akamwaga maji ya dawa pande zote za kaburi, akasema mara tatu kwa sauti kubwa, "Mwenye laini hii amekufa. Amezikwa. Hayupo." Kokulinda alihisi baridi ndogo ikimpanda kidoleni. Akadhani ni umande.

Saa sita Jovitha alipiga. Namba unayopiga haipatikani kwa sasa. Alisikiliza mpaka mwisho, akaweka kitochi chini, akamlilia mwanawe kwa mara ya kwanza, kilio cha kweli, cha kupiga ardhi kwa viganja. Kokulinda akalia naye. Harufu ikaondoka kama iliyofagiliwa. Walilala mapema, na Kokulinda alilala usingizi ambao hakuwa ameulala tangu aolewe.

Asubuhi akafungua kibanda akiwa mwepesi. Akawasha mashine, akaweka dole gumba la kuanzia kazi. Mashine ikakataa. Akalifuta kwenye kanga, akaweka tena. Alama hazijatambuliwa. Akajaribu vidole vyote, kimoja kimoja.

"Dada Koku," alisema mteja wake wa kwanza, Obedi, muuza samaki. "Nimekupigia tangu alfajiri nikuulize kama utafungua. Hupatikani."

Simu ilikuwa mezani, imewaka, mtandao umejaa.

Alihangaika na mashine na simu mpaka asubuhi ikaisha. Alifunga kibanda akapanda mlima. Njiani wanawake wawili anaowafahamu walipishana naye, akawasalimu, wakaendelea na mazungumzo yao. Alijiambia hawakusikia. Jua lilikuwa limefika utosini. Alipofika nyumbani, Jovitha alikuwa pale kizingitini, amekoga, amevaa gauni safi, kitochi mkononi, akitazama njia.

"Nimekaa hapa saa sita imefika, mkono ukaenda kwenye simu wenyewe," ajuza alisema, kana kwamba anajisemea. "Nikasema leo nimpigie aliyebaki. Miaka yote hii sijawahi hata siku moja kumpigia mtoto wa watu nimuulize kama amekula."

Kokulinda alisimama mbele yake, hatua moja tu. "Mama, nipo hapa."

Jovitha alikuwa akitazama njia, kupitia palepale aliposimama. Akabonyeza namba. Mfukoni mwa Kokulinda simu haikutikisika. Lakini ndani ya kitochi ikaita, kwa mwito ule mzito wa ndani ya pipa, ikapokelewa, na harufu ya tope ikapanda taratibu kutoka kwenye vidole vya Kokulinda.

"Koku? Mwanangu, uko wapi?"

Na Kokulinda, aliyefumba mdomo wake kwa mikono yote miwili, akaisikia sauti yake mwenyewe ikijibu kutoka ndani ya simu, ya taratibu na ya upole, ikikiri uchovu ambao katika miaka yote ya ukwe hakuwahi kuutamka mbele ya mama yule.

"Shikamoo, mama. Nimechoka. Njoo unichukue."

Jovitha aliinuka, akavaa ndara zake.