Kitu Ndani ya Jicho la Magloire

Jumamosi hiyo ya mwaka 1995, Émérence alikuwa uani kwake mtaani Shituru akitwanga sombe, majani ya muhogo. Mumewe, Magloire, aliketi kizingitini akinyoa ndevu. Tangu mtambo wa shaba unyamaze, hakuwa na kazi nyingine asubuhi. Ghafla wembe ukasimama hewani.

"Émérence, kuya. Angalia mu jicho yangu. Kuko kintu inatembea."

Akamgeuza uso kwenye jua, akafungua kope la kushoto. Nyuma ya mboni kulikuwa na kifuko cheupe, kidogo kama mbegu ya chungwa. Mwanga ulipokigusa, kikajikunja. Kisha kikatoa shingo. Shingo nyembamba, yenye kichwa. Ikageuka upande wake.

Émérence akaachia kope.

Muuguzi wa zahanati hakushangaa. "Haiko bulozi, mama. Iko mutoto ya tegu. Mulikulaka nguruwe ya punje-punje?"

Émérence aliinamisha kichwa. Miaka miwili nyuma, watu wenye asili ya jimbo la Kasai walipofukuzwa mjini, Magloire aliingia uani kwa jirani yao Placide, akamburura nguruwe wake huku Placide na wanawe wakitazama, mizigo kichwani. Nyama ilikuwa na punje nyeupe kama mchele. Njaa haikungoja iive.

"Ile mududu ilikomala mu tumbo yake," muuguzi akasema. "Mayai yake ikapanda mu damu, mpaka mu jicho. Aende Lubumbashi, bamupasue. Musimupe dawa ya minyoo hapa: ikifia mule ndani, itamuua. Ya pori pia, hapana."

Nyumbani, mama mkwe Mélanie hakutaka kusikia habari ya mayai.

"Placide ndjo alimutumia ile kintu. Na weye ndjo ulimufungulia mulango."

Akamkataza Émérence kugusa hata sahani ya mumewe. Émérence alimsihi, akapiga magoti, akamrudia maneno ya muuguzi. Mélanie akampiga kikumbo, akamnywesha mwanawe maji ya mizizi ya sokoni, kikombe kizima.

Jua halijatua, Magloire alianguka. Mwili ukakakamaa. Wakamlaza kitandani, povu likimtoka. Jicho la kushoto likavimba, likawa jekundu kama nyama.

"Inatoka," akanong'ona. "Mama, inatoka."

Akakata roho.

Mélanie akamkaba Émérence shingo. "Mulozi! Umemukula mutoto yangu!" Majirani walijaa mlangoni. Hakuna aliyesogea kumsaidia.

Alipoachiwa, Émérence aliinama kumfumba mumewe macho. Jicho la kushoto lilikuwa limenywea. Safi, jeusi, kama la mtoto mchanga. Hamna kifuko. Hamna kitu.

Ila shavuni palikuwa na mstari wa unyevu, mwembamba kama uzi. Ulishuka kwenye mto wa kulalia, ukavuka shuka, ukapanda ukutani hadi dirishani. Mélanie naye akauona. Akarudi nyuma.

Nyumba ile imepata wapangaji wengi tangu hapo, na kila mmoja ameupaka ukuta ule chokaa. Inashika kote. Kwenye ule mstari, haishiki.