Nani Ameisugua Groši ya Vojta?

"Simba wa nani huyu anayemkosesha mwanamke usingizi?" Radka aliuliza, simu ya mumewe ikiwa mkononi.

Vojtěch, aliyeitwa Vojta kwa ufupi, alitoka bafuni na povu la kunyolea shavuni. "Nipe simu yangu."

"Ngoja nikusomee. 'Vojta, simba wako amenikosesha usingizi. Jumapili njoo mapema, kabla wengine hawajafika.' Drahomíra huyo."

"Ni simba wa kwenye groši, Radka! Nilimtumia picha anisaidie kujua ni ya mfalme gani."

"Najua simba ni wa groši. Hilo 'njoo mapema' nalo ni la groši?"

Vojtěch akarudi bafuni. Mwanamume akibanwa, ndevu humwokoa.

Groši ile aliirithi kwa mjomba wake: sarafu ya fedha iliyogongwa palepale mjini kwao, Kutná Hora, yapata miaka mia saba iliyopita, taji upande mmoja, simba wa mikia miwili upande wa pili. Zamani vitu kama hivyo walivichunguza pamoja, mume na mke. Radka ndiye aliyekuwa na macho. Alisoma herufi zilizolika ukingoni, Vojtěch akatafuta kitabuni, wakibishana mpaka chai ikapoa. Kisha Drahomíra, mwalimu wa Kilatini aliyeachika, akajiunga na klabu ya wakusanyaji sarafu. Tangu hapo Vojtěch alichunguza sarafu kwa simu, akitabasamu peke yake.

Jumamosi mume akiwa kazini, Radka alikuwa akikata mkate wa kuchanganya kwenye unga wa knedlíky, madonge ya kuchemsha. Wivu haupigi hodi. Aliacha kisu, akaitoa groši kwenye bahasha yake, akachukua mswaki na dawa ya meno, akamsugua simba. Akasugua mpaka ule utando mweusi wa karne saba ukaisha, simba akang'aa kama kijiko cha kantini.

Ndipo akaona alichofanya. Kila mkusanyaji anajua: sarafu kongwe ukiisugua, umeiua. Akairudisha kwenye bahasha.

Jumapili Vojtěch alipovaa koti, Radka naye akavaa lake.

"Unakwenda wapi?"

"Klabu. Au ni mapema mno kwangu?"

Chumba cha nyuma cha baa kilikuwa tayari kimejaa wazee, bia na vioo vya kukuzia. Drahomíra alikuwa ameweka mkoba kwenye kiti cha pembeni yake. Alipomwona Radka, hakuuondoa.

"Vojta, nilikusubiri! Mlete simba wangu."

"Wako?" Radka akauliza.

Drahomíra akaipokea bahasha kwa Vojtěch. Akaifungua, akapiga ukelele. "Mungu wangu! Nani mpumbavu kafanya hivi?"

Wazee wakageuka. Vojtěch akaitazama groši, uso ukampauka. Akamtazama mkewe. Radka akainamisha kichwa.

"Mimi," Vojtěch akasema.

"Wewe? Wewe uliyeniambia hata kidole kisiiguse?" Drahomíra akauliza.

"Mimi. Nilitaka kuisoma vizuri."

"Kwa nini mtu mzima ufanye ujinga wa mtoto?" mzee mmoja akafoka, na wengine wakaguna.

Radka hakuvumilia kumwona akitukanwa. Akasimama. "Anadanganya. Nimeisugua mimi, kwa dawa ya meno."

Drahomíra akacheka kwa dharau. "Umeua kitu cha miaka mia saba kwa sababu ya wivu?"

"Na wewe ulikuwa unaua ndoa ya miaka kumi na tisa. Tofauti yetu, mimi nimekiri."

Drahomíra akawa mwekundu mpaka shingoni. Radka akatoka.

Vojtěch alimkuta nje, kwenye ngazi za baa.

"Kwa nini umenikinga?" Radka akauliza bila kugeuka. "Mtu asiye na hatia angenipigia kelele."

"Kwa sababu nina hatia."

Radka akageuka. "Umelala naye?"

"Hapana! Hata mkono sijamshika. Lakini nilijua ananitaka, nikamwachia atake. Ilinipendeza. Kila ninachosema kwake ni kipya."

"Mimi nimeshakusikia, si ndiyo?"

"Mimi ndiye niliyeacha kukwambia."

Radka akalia, kilio cha hasira. "Nimekuharibia urithi wa mjomba wako, Vojta."

"Umeuharibu. Nitasaga meno mwaka mzima, usidhani sitasaga." Akatoa simu, akabonyeza namba, akaiweka kwenye spika.

"Vojta?" ikasema sauti ya Drahomíra. "Umemwacha huko nje? Rudi basi, nimekutunzia kiti."

"Mpe mtu mwingine. Na usiniandikie tena, Drahomíra. Kosa langu ni kubwa kuliko lako. Nilipaswa kukwambia siku ya kwanza."

Simu ikakatwa.

Radka akajifuta pua kwa mgongo wa mkono. "Usidhani nimekusamehe."

"Sidhani."

"Vizuri." Akaufungua mlango wa baa. "Twende ndani. Ile groši ni ya mfalme Václav wa Pili. Nilisoma jina lake nilipokuwa namsugua simba."