Mstari wa Tatu

Nilipitia ofisini kwa dakika kumi tu. Mkononi nilikuwa na chupa ya supu, begani mfuko wa nguo safi za dada yangu aliyelazwa hospitali, na kichwani wazo moja: niwashe majaribio, nitoke mbio, niwahi muda wa kuona wagonjwa. Jua lilikuwa linazama. Lifti ilikuwa mbovu, nikapanda ghorofa nne nikihema kama gari lililochoka. Mtu aliyezunguka nusu ya dunia, akalala stesheni na kwenye meli za mizigo, anashindwa na ngazi! Tumbo hili, lakini, silisingizii. Nimelilea mwenyewe.

Kazi yangu ni kujaribu kurasa za mtandao kabla watu hawajaanza kuzitumia. Sibonyezi kwa kidole. Naandika maagizo, kisha roboti isiyo na mwili inafungua kivinjari, inatafuta kitufe ninachokitaka, inakibonyeza, na kuniletea ripoti. Ugumu wote uko kwenye kule kutafuta. Unaweza kuiambia roboti: tafuta mstari wenye jina fulani. Au, ukiwa mvivu kama mimi, unaiambia: bonyeza mstari wa tatu. Yeyote atakayekuwa amekaa hapo.

Wiki ile tulikuwa na ukurasa wa wodi. Orodha ya wagonjwa, na mbele ya kila jina kitufe kimoja: ONDOA. Wagonjwa hawakuwa wa kweli. Niliwatunga jikoni kwangu nikiangalia vyombo. Mama Sufuria, Shangazi Chujio, hivyo hivyo mpaka wa mwisho, Bibi Kikapu. Kumi na wawili. Roboti inahesabu mistari, inamwondoa wa tatu, orodha inarudi kama mwanzo, raundi nyingine inaanza. Bosi alitaka raundi kumi na tano, moja kila dakika tatu.

Nikawasha.

Ripoti ikaja nyekundu. *Nilitarajia mistari 12. Nimepata 13.*

Nikahesabu kwenye skrini kwa kidole, kama mtoto wa chekechea. Kumi na miwili.

"Injinia, hebu njoo uhesabu hapa."

Injinia ndiye aliyeujenga ukurasa ule. Umri wake ni sawa na wa binti yangu, lakini ulimi wake ni wa mama mkwe. Alikuwa anafunga begi aende zake.

"Kumi na miwili," akasema. "Mzee, miwani yako iko wapi?"

"Usoni."

"Basi tatizo si macho." Akainama, akasoma maagizo yangu. "Umetafuta kwa namba ya mstari tena! Si nilikukataza? Siku ukiingia mstari mmoja zaidi, utambonyeza usiyemjua."

"Sasa huo mmoja umetoka wapi?"

"Umefichwa. Roboti haiangalii skrini kama wewe. Inasoma maandishi yaliyo nyuma yake. Fundi aliyekuwepo kabla yangu alikuwa na tabia hiyo, kuacha mistari iliyofichwa ya kujaribia. Kesho nitaufuta."

"Mpigie umuulize."

Akavaa begi. "Alifia wodini, mzee. Ndiyo maana mimi nikaajiriwa." Akaniona ninavyomtazama. "Acha hizo. Ni maandishi tu."

Viatu vyake vikashuka ngazi. Ko, ko, ko... kimya.

Ningeondoka naye. Lakini ripoti ya raundi ya pili ilikuwa imeingia, na jambo fulani ndani yake halikukaa sawa. Mistari 12. Nikangoja. Ya tatu, 11. Ya nne, 10. Orodha ilikuwa hairudi. Kila anayeondolewa alikuwa ameondoka moja kwa moja, na walio chini yake wanapanda ngazi moja.

Nikasikia harufu. Dawa ya kusafishia sakafu. Kali, ya hospitali. Ofisini kwetu sakafu ina zulia.

Nikafungua ripoti nione huo mstari uliofichwa umeandikwa nini.

*Mama Pacha. Kitanda 13.*

Mama Pacha ni dada yangu.

Alizaa mapacha ujanani, kila mtu anamwita hivyo. Mimi sikumwandika. Naapa, sikumwandika. Kwenye raundi ya kwanza alikuwa wa kumi na tatu. Sasa alikuwa wa tisa, na roboti ilikuwa inamsubiri pale pale, mstari wa tatu.

Nikabonyeza kusimamisha. *Imesimama*, ikasema. Nikashusha pumzi.

Dakika tatu.

*Raundi ya tano.*

Nikachomoa waya. Upuuzi mtupu, maana roboti haikai kwenye laptopu yangu, inakaa kwenye seva ya kampuni, na ufunguo wa seva anao Injinia. Nikampigia. Hapatikani. Nikapiga tena. Raundi ya sita. Raundi ya saba. Raundi ya nane. Nikajifariji kwa jambo moja tu: roboti hukataa kubonyeza kitu kilichofichwa. Ikimfikia, itagoma.

Raundi ya kumi ilipoisha, simu yangu ikalia. Dada.

"Gundi."

Ndilo jina alilonipa utotoni, kwa sababu nilimganda mgongoni, hakwenda popote bila mimi. Ni yeye peke yake aliyeniita hivyo.

"Naam, dada. Niko njiani," nikadanganya. "Mbona unanong'ona?"

"Njoo basi. Humu tunapungua."

"Mnapungua vipi?"

"Wanakuja na kitanda cha magurudumu, hawasemi neno. Sasa hivi wamemchukua wa dirishani. Mchana kutwa tulikuwa tunacheka naye. Hata kuaga hakuaga."

"Wa dirishani ndiye nani?"

"Bibi Kikapu."

Nikakaa chini. Kiti hakikuwepo.

"Gundi? Kwani unamjua?"

"Dada," nikasema kutoka sakafuni, "mmebaki wangapi?"

"Watatu." Pumzi yake ilikuwa fupi, ya homa. "Na kuna mtu anahesabu. Simwoni, namsikia tu. Anaanza mlangoni. Moja... mbili... Akifika tatu ananyamaza."

"Kitanda cha tatu ni cha nani?"

Nikasikia magurudumu. Taratibu. Kwii... kwii...

Simu ikakatika.

Nikainua macho kwenye skrini. Mistari mitatu. Mama Sufuria. Shangazi Chujio.

Mama Pacha.

Haukuwa umefichwa tena. Ulikuwa pale, mweusi juu ya mweupe, na kitufe chake mbele yake.

Nilikuwa na dakika mbili kasoro. Nilikumbuka kwamba maagizo yangu husomwa upya kila raundi. Kuisimamisha roboti siwezi, lakini kuiambia itafute nini, naweza. Nikafuta *mstari wa tatu*. Badala yake nikaandika: mstari wenye jina...

Vidole vyangu vilishaandika "Mama S". Ingemchukua yeye, dada angebaki. Nimefanya mengi ya aibu katika miji ya watu, mengine nayasimulia nikiwa nimekunywa chai tu. Hilo nisingeweza kulisimulia. Hata kama nilimtoa kwenye kabati la vyombo, sasa alikuwa dada wa mtu. Nikafuta.

Basi jina lisilokuwepo. Roboti ikikosa jina, inatafuta kwa nusu dakika, inashindwa, na kazi yote inakufa hapo hapo. Nilihitaji jina ambalo haliko kwenye orodha yoyote duniani. Likanijia lenyewe.

Gundi.

Nikahifadhi. Nikangoja. Ile harufu ilikuwa imefika kooni.

*Raundi ya 11. Natafuta: Gundi.*

...

*Imepatikana: 1.*

*Imebonyezwa.*

Raundi ya kumi na mbili ililitafuta tena. Haikuliona. Roboti ikafa.

Nilikimbia. Mimi, na tumbo langu. Wodini taa zote zilikuwa zinawaka, vitanda vimejaa, sakafu mbichi. Muuguzi wa zamu akanitazama kama mlevi. Walikuwa wanaosha sakafu, akasema, wakawahamisha wagonjwa kwa muda, mmoja mmoja. Bibi Kikapu? Hapa hatuna mtu wa jina hilo, baba.

Na dada yangu alikuwa ameketi, anakula. Homa imeshuka kama iliyomwagiwa maji. Nilisimama mbele yake nikilia kama mtoto.

"Pole, kaka," akaniambia kwa upole. "Una mgonjwa humu?"

Nikadhani ananitania. Sisi utani ndiyo chakula chetu. "Ninaye. Mchoyo mmoja, anakula bila kunikaribisha."

Akacheka. Akasogeza sahani. "Karibu basi. Jina lako nani?"

Nikamwambia. Akatikisa kichwa. Nikamuuliza, kwa sauti isiyokuwa yangu, kama mdogo wake amefika leo.

"Mdogo wangu?" Akanishangaa. "Kwetu mimi ndiye kitindamimba."

Daktari anasema ni ile homa, kumbukumbu itarudi. Anawakumbuka mapacha, mume wake, majirani wote. Injinia naye amenionyesha ripoti ya jioni ile: mistari kumi na miwili, raundi kumi na tano, zote za kijani. Ameniambia nichukue likizo, na hakunitania, na hapo ndipo nilipoogopa zaidi. Dada ametoka hospitali. Napita kwake kila siku, namchekesha. Ananiita yule kaka mcheshi wa wodini.

Mama yetu yuko hai, anakaa kwa mjomba. Yeye hakuugua homa yoyote. Namba yake ninayo, na kila jioni naishika simu nikitaka kumpigia, nasikia vidole vinagoma. Kila Jumapili huwa ananipigia yeye.

Zimepita Jumapili tatu, simu haijalia.