Daktari wa Mtu Mmoja

Kila siku akitoka shule, Sumaya alivua sare, akala chakula alichowekewa, kisha akakaa karibu na mlango kumsubiri kaka yake Faruk. Nyumba yao ilikuwa Buyenzi, mtaa wa mji wa Bujumbura, jirani na mto Ntahangwa, na Faruk hakupenda kurudi nyumbani bila kupitia mtoni. Alifika viatu vimejaa tope, akachukua kijiti na kumchorea mdogo wake chini: hapa maji yanamega ukingo, hapa nyumba ya fulani inakaribia kuporomoka, hapa mawe yangepangwa vizuri mto ungetulia. Sumaya hakuelewa yote. Alichopenda ni kumtazama kaka yake akieleza, jinsi uso ulivyomchangamka.

Huo ulikuwa mwaka wa 1999, na vita vilikuwa havijaisha. Baba yao, Khaled, dereva wa lori, alikuwa ameuawa safarini. Mama yao, Mwanne, aliwalea kwa kuuza vitenge sokoni. Sumaya alikuwa na miaka kumi na mmoja na alisumbuliwa na pumu. Jioni moja kifua kilimbana hata midomo ikabadilika rangi. Milio ya risasi ilisikika upande wa vilimani na magari yalikuwa yameacha kupita. Faruk alimbeba mgongoni, akakimbia naye hadi zahanati, njia nzima akimwambia, "Pumua, mdogo wangu. Pumua polepole." Walipofika, muuguzi, Mama Epiphanie, aliwaambia dawa imebaki kidogo sana. Kwa bahati ilitosha. Sumaya alipona, lakini Faruk alitoka pale akiwa mtu mwingine.

Miezi michache baadaye alimaliza sekondari kwa alama nzuri. Mjomba wao Twalibu, aliyeishi Kigoma, alituma habari kwamba Faruk aende kusoma Tanzania, kwenye amani. Mama alitaka akubali.

"Apana, mama," Faruk alisema. "Nitasoma hapahapa Bujumbura. Nitasoma udaktari."

"Na ule mto wako?" Sumaya aliuliza.

"Ule ulikuwa mchezo tu."

Kusikia udaktari, mama alisahau habari za Tanzania, akapiga vigelegele mpaka majirani wakaja. Tangu siku hiyo mtaa mzima ulimwita Dokta. Hata wazee waliokuwa wakienda msikitini walisimama kumsalimia kwa jina hilo, na Sumaya akatembea shuleni kichwa juu.

Mwaka wa kwanza chuoni ulikuwa mgumu. Faruk alisoma sana, lakini alikonda, akawa mkimya, na alama zake zikashuka. Ukimuuliza habari za masomo, alijibu, "Nzuri tu," kisha akageuza mazungumzo. Hakupitia tena mtoni.

Jumamosi moja mvua kubwa ilinyesha, na Ntahangwa ukabeba ukuta wa jirani yao, Adija. Watu walijaa ukingoni wakipiga kelele, kila mmoja akishauri lake. Sumaya alipofika alimkuta Faruk amekunja suruali, yuko katikati yao.

"Msitupe mawe ovyo!" aliwaambia. "Mawe matupu yatachukuliwa na maji. Yatieni ndani ya magunia. Tuanzie chini, kisha tupande juu tukielemea ukingo. Mama Adija, majani yale usiyang'oe, mizizi yake inashika udongo!"

Walifanya kazi hadi mchana. Tope lilimjaa Faruk mpaka masikioni, naye alikuwa akicheka. Sumaya alimtazama, na moyo ukamshtuka: uso ule hakuwa ameuona mwaka mzima.

Walipokuwa wakirudi alimshika mkono. "Kaka, unaupenda udaktari?"

"Ninaupenda."

"Unadanganya."

Faruk alisimama.  Alisema kwa sauti ya chini, "Na siku kifua kikikubana tena, mimi nikiwa sijui chochote? Nilikubeba, Sumaya. Niliogopa sana."

"Lakini aliyeniponya ni Mama Epiphanie wa zahanati, na we ulinifikisha kwake," Sumaya alisema, machozi yakimlengalenga. "Kwani lazima daktari wangu awe wewe? Mi sitaki uwe na huzuni kwa ajili yangu."

Faruk alimkumbatia, pamoja na tope lake lote. Walipofika nyumbani alimweleza mama kila jambo.

Mama alikasirika. "Mtaa mzima unakuita Dokta! Nitawaambia nini watu?"

"Waambie kweli, mama. Nitarudi mwaka wa kwanza, nisome uhandisi. Nimepoteza mwaka, na ninakuomba radhi."

 Mama alinyanyuka akaenda kuosha vyombo ambavyo vilikuwa vimekwisha kuoshwa. Kesho yake, hata hivyo, alimchukua Sumaya wakaenda kwa muuguzi Epiphanie. Epiphanie aliwauliza wanapikia wapi.

"Ndani," mama alisema. "Vita vilipokaribia tuliingiza jiko la makaa, ile mbabula, ndani."

"Basi huo moshi wa makaa ndio adui wa kifua chake. Pikeni uani, mapema, kabla ya giza. Na wewe Sumaya, ukianza kusikia filimbi kifuani, usifiche. Keti wima na umwambie mtu mara moja, uletwe hapa."

Njiani mama alicheka peke yake. "Kumbe nilitaka daktari nyumbani, na kuhamisha mbabula hata sikufikiri."

Faruk alibadili masomo. Wapo waliomcheka, lakini kicheko cha jirani hakidumu. Kilikwisha baada ya miezi michache.

Mwaka 2005, Faruk alipokuwa anamaliza uhandisi, Sumaya alikuwa msichana wa miaka kumi na saba, na kila mtu alimuuliza atasoma nini. Ijumaa moja, baada ya chakula, alimuuliza kaka yake, "Unajuta?"

Faruk alifikiri. "Sijutii kubaki Bujumbura, ingawa kulikuwa na siku niliogopa hata kupanda basi la chuo. Wala sijutii kubadili. Ila namkumbuka Adrien. Tulimaliza sekondari pamoja. Alilia kwa kukosa nafasi kwenye fakulte ya udaktari, akapelekwa kusoma uchumi. Labda nafasi niliyoichukua ilikuwa yake. Mimi nilipoteza mwaka mmoja. Yeye sijui alipoteza kiasi gani."

 Mama, aliyekuwa ameketi nao, akasema, "Wanangu, sote tulikosea. Faruk alificha kweli kwa sababu ya mapenzi, na mimi sikumuuliza kwa sababu ya sifa. Mapenzi yasiyosema kweli humchosha anayetoa na anayepewa. Masomo ni safari ndefu. Huruma itakutoa nyumbani, lakini haitakufikisha. Chagua kazi ambayo utaiamkia hata siku ambayo hakuna anayekusifu."

Sumaya aliinamisha kichwa. "Mama, mi bado sijui nataka kusoma nini. Walimu wakiniuliza nawajibu sheria, ili waniache."

Mama alimvuta karibu, akamwekea mkono begani.

"Basi kesho waambie hujui," alisema. "Tuanzie hapo."